Mama Happy, Kitenge Tumekikata

Ni mwaka mmoja sasa, Fransiska, tangu mkasi wako ulale kwenye kopo lake pale dirishani, na nguo za nyumba hii zimebaki nzima. Nani angefikiri tungekuja kulalamika kwamba nguo ni nzima! Familia imenipa kalamu mimi, mumeo Anyitike, kwa sababu wanasema nina la kusema. Ni kweli ninalo, ila nitafika huko polepole, kama ulivyonizoea.

Kwa wasiokujua: ulikuwa mchoraji wa vitabu vya watoto, hapa hapa Kasense, Sumbawanga, kwa miaka kumi na mitatu. Penseli ilikuwa mwanzo tu. Baada ya penseli ulibandika. Udongo mwekundu ulioukota njiani kwenda Mpui uliuchekecha kwa chujio langu la chai. Masizi ya sufuria, karatasi za pipi, mifuko ya unga wa Zambia uliyokuwa ukiwaomba madereva wa malori kila ulipofika mpakani Kasesya, vyote vilikuwa mali. Ndevu za mahindi zilikuwa mvi za wazee. Punje za ulezi zilikuwa njia ya kwenda shambani. Gundi ulipika mwenyewe kwa unga wa ngano, kwenye sufuria ile ile ya chai, na siku moja nilikunywa nusu kikombe kabla hujaninyang'anya huku unacheka.

Na vitambaa. Ee Mungu wangu, vitambaa! Siku ile nilisimama kanisani, nikapeleka mkono nyuma nitoe leso, nikapapasa weee, mfuko haupo. Nikarudi nyumbani nimevimba.

“Mama Happy, mfuko wa suruali yangu uko wapi?”

“Uko ukurasa wa tano.”

Nikafungua. Mfuko wangu umekuwa ng'ombe, amesimama, ananitazama. Na kusema kweli, alikuwa ng'ombe mzuri.

Hukubagua mtu. Blanketi la baba yako, mzee Teodori, lilipungua upindo. Kilemba cha mdogo wako Albina kilikwenda kuwa paa la shule. Hata wewe mwenyewe, baridi ya Julai ulikuwa unakaa karibu na jiko na sweta lenye kiwiko kimoja, cha pili kimeshakuwa kobe. Ikafika mahali mzee Teodori, akikuona unaingia uani kwake Mpui, anapaza sauti, “Anueni nguo, fundi amekuja!” Halafu anakuletea kiti.

Jumamosi baraza letu lilijaa watoto wa majirani. Mtoto akisema hajui kuchora, ulimjibu, “Basi tuanze na kuchana.” Ukampa gazeti la zamani achane. Dakika kumi baadaye vile vipande vimekuwa kuku, na mtoto haamini macho yake. Walirudi kwao na gundi kwenye nywele, na lawama za mama zao nilizipokea mimi. Uliwafundisha neno moja tu: usitupe kitu kabla hujakitazama mara mbili. Wengine bado wanapita hapa na mifuko yao ya takataka, wanauliza zikae wapi. Tunazipokea.

Sasa nafika kwenye langu.

Kitu kimoja tu ndani ya nyumba hii hukukikata. Kitenge cha mama yangu, cha zambarau chenye ndege wa njano, kilichokuwa kwenye sanduku la bati uvunguni. Mama yangu Lydia alifariki kule Tukuyu kabla Happy hajazaliwa, na kwangu mimi hicho kitenge ndicho kilichobaki cha kushika. Vingine vyote ulikata bila kuomba. Hicho uliniomba.

“Baba Happy, naomba kipande cha kitenge cha mama. Kadiri ya kiganja tu.”

“Cha mama hakiguswi,” nikakujibu. “Hapo umevuka mpaka.”

Sikusema kwa upole. Wewe hukusema ni cha kazi gani, na mimi, mjinga mkubwa, sikuuliza. Ukasema, “Haya, nimekuelewa,” ukaendelea kuchambua maharage. Wiki tatu baadaye homa ikakushika, na siku ya nne ukatutoka.

Baada ya arobaini nilifungua jalada lako la kazi. Kulikuwa na michoro kumi na miwili ya kile kitabu cha bibi na wajukuu wake, ulichokuwa ukimfanyia Evans, mchapishaji wa Dar es Salaam. Kumi na mmoja imekamilika. Wa kumi na mbili ni bibi mwenye mvi za ndevu za mahindi, kambeba mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono. Uso upo, miguu ipo na vumbi lake. Gauni hakuna. Ni karatasi nyeupe. Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wako: “Gauni: kitenge cha bibi Lydia. Baba Happy akikubali.”

Nilikaa chini sakafuni. Mimi nilidhani unataka kumharibu mama yangu, kumbe ulitaka kumleta nyumbani wajukuu wake wamwone.

Evans alipiga simu. “Mzee, pole sana. Nina mchoraji hapa, hilo gauni anaweza kulimalizia kwa rangi.” Albina akasema, “Shemeji, liache jeupe. Mwenye mkono hayupo.” Mimi nikasema tusubiri. Nikasubirisha watu miezi na miezi. Mara nne nilivuta lile sanduku, mara nne nikalirudisha uvunguni. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi yalinipigia kambi. Mwishowe Evans akaniambia kwa heshima zote kwamba mwezi huu ukiisha, kitabu kinakwenda na gauni la mtu mwingine.

Jumamosi iliyopita nikakitoa kitenge. Happy, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja, alileta mkasi wako. Nikakishika kitenge pembeni, kimelegea.

“Baba, kinyooshe. Mama alisema kitambaa kikilegea hakikatiki.”

Nikakinyoosha, akakata. Gundi alipika Albina, huyo huyo aliyekataa, ikafanya mabonge. Ndege mmoja amekaa kichwa chini. Utatusamehe, fundi hakuwepo.

Faith wetu wa miaka mitano akaingia kutoka kucheza. Nikamwambia, “Huyu ndiye bibi Lydia, mama yake baba.” Akamtazama. Akajifuta mikono kwenye gauni lake, akainamisha kichwa kidogo mbele ya karatasi.

“Shikamoo, bibi.”

Salamu haiachwi hewani, Mama Happy. Nikaitikia mimi kwa niaba ya mama: “Marahaba, mjukuu wangu.” Ndipo nikalia, mbele ya watoto, na sikuona aibu.

Mchoro uliondoka Jumatatu na basi la Dar es Salaam, umebanwa kati ya makaratasi mawili magumu, jina lako nyuma. Kitenge kimebaki na tundu la kiganja. Sitaliziba.

Unakumbukwa na mimi mumeo Anyitike, binti zako Happy na Faith, baba yako mzee Teodori wa Mpui ambaye siku hizi anaacha nguo kwenye kamba hadi jioni, mdogo wako Albina, ndugu zako wa Sumbawanga na wakwe zako wa Tukuyu, na watoto wa baraza la Jumamosi. Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili hii, kanisani kwako kwa Wakatoliki, na mimi Mmoravian wako nitakaa kiti cha mbele.

Uliandika, “Akikubali.” Wote wanaosoma hapa wawe mashahidi: nimekubali, Fransiska.

Tutakukumbuka daima.