Africus kwenye dirisha letu la Ibra

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa chumbani kwako, na mkeka umejaa mchanga kwa sababu dirisha lako la kusini-magharibi liko wazi. Mama alikuwa akikugombeza kwa dirisha hilo kila kiangazi. "Leo huyo Africus wako atafagia mwenyewe," akisema, nawe ukicheka mpaka machozi.

Unakumbuka jina hilo lilivyoingia nyumbani? Tulikuwa na mwaka mmoja tu tangu kutoka Unguja kuja hapa Oman. Shuleni wasichana walikicheka Kiarabu changu, na mwalimu alipotutaka tuandike habari za ukoo wetu, niliandika kwamba sisi hatukuwahi kutoka Ibra. Ukalikuta daftari. Nilingoja unigombeze, wewe ukaenda kutoa kamusi yako ya Kilatini, kitabu pekee ulichotoka nacho Unguja, ulikokuwa ukisomesha.

"Njoo nkuoneshe mtu," ukaniambia. Ukanisomea kwamba Africus alikuwa mungu wa Warumi, wa upepo wa kusini-magharibi. Upepo wenyewe ukiwajia na dhoruba kutoka nchi waliyoiita Africa, ng'ambo ya bahari yao, ndipo wakampa jina la huko.

"Uungu tuwaachie wenyewe, astaghfirullah. Na Africa yao ilikuwa kule Tunis tu. Lakini tazama, mwanangu, kafika ugenini na jina la kwao, na hapana aliyemwambia alibadilishe."

Ukafungua dirisha, ukanirudishia daftari langu bila ya kulitia kalamu. Niliona haya, baba, lakini sikufuta kitu.

Ilinichukua miaka kulitamka jina la kwetu. Nilikuwa muuguzi mpya hospitali ya Nizwa alipoletwa bibi mmoja akilia kwa Kiswahili, na daktari akauliza nani anamfahamu. Hakuna mwenzangu aliyejua kuwa nakijua. Nikanyanyua mkono.

"Wa wapi wewe, mwanangu?" bibi akaniuliza mbele ya wote.

"Unguja, bibi. Shikamoo."

Ijumaa ile nilikuja kukuhadithia. Uliinuka ukalifungua dirisha, na mama ndiyo kwanza kamaliza kufagia.

Ahsante, baba, kwa kuningoja miaka yote ile bila ya kunisukuma. Tulipokuzika nilidhani dirisha halitafunguliwa tena. Leo asubuhi nimemkuta mama analifungua mwenyewe, ufagio mkononi.

Mungu akulaze pema.

Binti yako wa Unguja