Neno Alilolifuata Binti Farquhar

Fetlar, Shetland
9 Machi 1954

Dada yangu mpendwa Baabie,

Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima huko Dunedin, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Sisi huku tupo, tumechoka tu. Baba ametimiza miaka themanini na minne na bado ananilaumu kwamba nakata mkate vibaya. Mimi nina hamsini na miwili, mgongo wa mtu wa sabini, na meno ninayoweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mvua haijakatika tangu Krismasi.

Juma lililopita tulipata mgeni, Binti Farquhar kutoka Edinburgh, anayekusanya maneno ya wavuvi ili yaingie kwenye kamusi. Ruby wa jirani alimwona akipanda kilima na viatu vyake vya kanisani, akanipigia kelele nikanyoe ndevu haraka, huenda Mungu amenikumbuka. Nilinyoa. Mungu hakuwa amenikumbuka. Binti alifuata neno moja tu, moder dy.

Wewe neno hilo ulilinyonya pamoja na maziwa. Wazee waliovua mbali kwa makasia, kabla ya injini, waliliita hivyo lile wimbi mama, linalopita chini kwa chini kuelekea nchi kavu, upepo wa juu uvume utakavyo. Ukungu ukishuka, nahodha alivua buti, akasimama pekupeku juu ya mbao za mashua, wenzake wakanyamaza kimya, mpaka nyayo zake zimwambie nyumbani ni wapi. Na kile kisa cha Baba, alivyowarudisha wenzake watano baada ya siku mbili za ukungu, tulikila na viazi kila jioni.

Binti alitaka maana ya neno na jinsi lilivyotumika. Baba alikuwa karibu na moto, amejifanya amelala, kwa hiyo nilijimwaga. Nilivua hata soksi nimwonyeshe mtu anavyosimama, na utaniwia radhi kwa yale matundu. Hapo Baba akafumbua jicho, akasema nivae soksi zangu na nimwache mtoto wa watu aandike ukweli. Kwamba katika miaka yake yote baharini alilisikia wimbi hilo mara mbili, na ile ya pili labda ni ganzi. Siku nyingine zote, pamoja na ile tuliyoila na viazi, hakusikia kitu ila baridi. Lakini mtu asiyejua pwani iko wapi huacha kasia, na akiliacha kwenye baridi ile anakufa amekaa. Basi alisimama pekupeku, akasema amelipata, akanyoosha kidole popote, wakavuta makasia mpaka ukungu ukaondoka. Akamwambia binti, “Andika hivi: ni neno la kuwapa watu waliochoka.” Kisha akauliza kama kuna mkate ambao sikuukata mimi.

Binti alicheka sana. Mimi sikucheka, Baabie, na ndiyo sababu ya barua hii.

Uliambiwa kwamba mdogo wetu Gibbie alikutwa na ukungu. Ni kweli. Ambalo hukuambiwa ni kwamba asubuhi ile alikuja kuniazima dira, kwa kuwa yake ilikuwa imeingia maji. Yangu ilikuwa rafuni, na siku hiyo sikuwa na safari. Lakini walikuwapo vijana wengine, nami unanijua kwa utani. Nilimwambia, “Wewe mtoto wa Mzee Lowrie, msoma mawimbi, unaomba dira? Vua buti, bwana, uziulize nyayo!” Wakacheka wote, naye akacheka, akaenda zake.

Mashua tuliipata siku ya nne, yeye hayumo. Buti zake zilikuwamo, zimepangwa vizuri chini ya kiti. Watu walisema alizivua ili aogelee. Nami nikawaacha waseme.

Kwa miaka ishirini na mitatu nimejifariji kwamba wimbi lilikuwapo, ila kijana hakulisoma vizuri. Sasa hata hilo sina.

Kabla hajaondoka, binti aliomba sentensi moja ya mfano, neno likiwa kinywani mwa mwenyeji. Nilimpa hii: “Gibbie alivua buti, akalingojea moder dy.” Aliandika kwa penseli, akauliza kama huyo Gibbie alifika nyumbani. Nilimwambia sentensi inaishia hapo.

Baba hajui habari ya dira. Ukiona inafaa ajue, niandikie, nitamsomea barua yako kwa mdomo wangu mwenyewe. Na usipotaka kuniandikia tena, sitakulaumu. Dira ingali rafuni. Inaonyesha kaskazini bila kukosea.

Ruby anakusalimu, na anasema nilipendeza niliponyoa. Baba anakusalimu na kuuliza kama huko mna samaki wa maana. Wabusu watoto, na goti lifunge sufu.

Nduguyo,
Magnie