Aliangushwa na Nani

Jumatatu, 4 Mei
Taarifa rasmi kwa taifa: suruali yangu nyeusi imegoma kufunga kifungo. Jopo la madaktari — yaani mke wangu — linasema ni kitambi, na dawa hakuna. Keshokutwa nahutubia! Shule ya ufundi inaipa karakana yake jina la kaka, rubani aliyepotea wakati wa vita akiwa na miaka ishirini na moja. Mama ataketi mbele. Kanionya nisitie chumvi kama kawaida yangu.

Jumatano, 6 Mei
Nimeharibu. Kabla yangu alisimama mjane wa askari aliyeuawa mstari wa mbele. Ukumbi mzima machozi. Mimi mkononi nina "alipotea kwenye ndege ya mazoezi" — maneno makavu kama mkate wa juzi. Ulimi ukajiendea: nikasema kaka aliangushwa na adui, akipigana. Makofi! Mkuu wa shule akavua miwani akajifuta.
Mama hakupiga makofi.

Alhamisi, 7 Mei
Mke wangu: hongera, umempandisha marehemu cheo. Nikacheka. Chai nikaiacha mezani.

Ijumaa, 8 Mei
Fundi wa mawe kapiga simu. Shule imemwagiza achonge "Aliangushwa na adui" kwenye jiwe la karakana. Anaanza Jumatatu, niko radhi? Nikamwambia asubiri kidogo. Asubiri nini, mzee? Nikasingizia mtandao, nikakata.

Jumapili, 10 Mei
Nimekwenda kwa mama. Nimemkuta anakunja nguo. Hata salamu hakuimalizia: waliomwangusha mwanawe ni kina nani? Miaka yote kamlilia bila kumchukia mtu — ukungu uliomchukua utauchukiaje? Tangu Jumatano halali, anatafuta sura ya kuilaani. Na mimi ndiye niliyetumwa kambini kuleta sanduku la vitu vya kaka. Kwa hiyo, akasema, nilijua, nikamficha ukweli!

Nikapiga magoti, kitambi na vyote. Nikamweleza bila chumvi. Lilikuwa zoezi la kuruka bila kuona nje. Mwanafunzi hufunikwa turubai pale alipoketi, anafuata mita za ndege tu. Mwalimu, kiti cha mbele, ndiye macho yake. Ukungu ukashuka ghafla juu ya maji, mwalimu naye akawa haoni. Wakasema kwenye redio kwamba wanageuza. Hawakurudi. Likaokotwa gurudumu moja, na glavu. Risasi hakuna. Adui hakuna. Alikuwa bado anajifunza, mama, na mimi mbele ya watu wale nikaona aibu kulisema hilo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, shuka limetulia mapajani, nusu limekunjwa.

"Hivyo hivyo," akasema, "ndivyo ulivyoniambia siku ile uliporudi na sanduku. Gurudumu, glavu, vyote. Haya, mwanangu. Sasa niambie ukweli."