Uso wa Saa ya Mzee Oboth

Jumanne, 2 Septemba 2025

Leo nimepata kazi ya maana, si picha za passport wala mabango ya harusi! Joanita amekuja dukani na saa ya ukutani. Ni yule mwalimu wa Rubongi ambaye mwaka jana nilimchapia kadi za mazishi ya baba yake, Mzee Oboth. Saa kubwa, ya mbao. Mzee alifanya kazi reli, Tororo, maisha yake yote. Mashine imeshatengenezwa na fundi wa huko. Kilichobaki ni uso: karatasi imekuwa ya manjano, namba zimechakaa, saba haionekani kabisa. Anaitaka Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya sala ya kumbukumbu ya mzee.

Akaniuliza kama ninazo programu za kazi ya namna hiyo. Zote, nikasema! Uongo mtupu. Nina Photoshop moja ya wizi, na tangu Julai inagoma kufunguka. Lakini watu walikuwa wamejaa dukani, na yeye ananiita mtaalamu. Ningefanyaje?

Jumatano, 3 Septemba

Nimevuka mpaka kwenda kwa Maloba, mwenye cyber upande wa Kenya. Nikajifanya nauliza kwa niaba ya rafiki. Akacheka mpaka akakohoa. "Buda, huyo rafiki ni wewe. Achana na software za kuiba. Chukua GIMP na Inkscape, zote ni za bure."

Akanielekeza: GIMP ni ya kusafisha picha iliyopo. Inkscape ni ya kuchora upya — mistari, duara — hata ukikuza namba iwe kubwa kama mlango, haivunjiki. Nimerudi na zote mbili kwenye flash. Miaka tisa naitwa mtaalamu, na leo ndiyo nimejifunza tofauti. Sitamwambia mtu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimeitoa kioo, nikaufuta uso kwa pamba yenye maji na sabuni kidogo, maana sitaki uchafu kwenye scanner. Pembeni mwa namba kulikuwa na vidoti vya wino, na vijiherufi. Nikadhani ni uchafu wa nzi, na michoro ya watoto wenye kalamu. Vikatoka vyote! Madoa ya kahawia yaliyobaki nimeyamaliza kwa GIMP.

Ni mazoea. Hapa Busia hakuna anayetaka picha yenye doa. Futa chunusi, futa kovu, hata la marehemu. Mkono wangu unafuta kabla sijatazama.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimechagua Inkscape. GIMP ilinipa uso safi lakini namba zimebaki na ukungu, na ile saba ningeitoa wapi? Inkscape unachora mstari mmoja wa dakika, unauzungusha nyuzi sita, tena na tena, mpaka mduara umejaa. Saba nimeiunda kwa mkia wa moja na kofia ya tano. Imekubali! Nimemwita mwenye duka jirani aje kuona. Nikasimama pale nimetuna kama jogoo.

Jumapili, 7 Septemba

Natamani ardhi ipasuke.

Baada ya kanisa Joanita ametuma sauti kwa simu. "Edwin, mama anauliza kama ile vidoti iko bado. Ile ya baba. Kila mtoto akizaliwa, baba anaweka kidoti kwa saa yake na herufi ya jina. Ndani ya namba ni usiku, nje ni mchana. Watoto saba. Mama anasema hiyo ndiyo mkono ya mzee imebaki kwa nyumba."

Nimeisikiliza mara nne. Nikaenda kutazama karatasi ya zamani, kana kwamba vidoti vingekuwa vimerudi. Tupu. Safi kabisa. Pamba nilishaitupa.

Nikamjibu: Vipo, mama asijali.

Kwa nini niliandika hivyo? Vidole viliandika vyenyewe. Hapana, acha uongo, Edwin. Uliandika wewe.

Jumatatu, 8 Septemba

Asubuhi nilimwandikia Joanita ukweli. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Njia ya mwongo ni fupi, mama yangu alituimbia hilo kila siku, na mimi bado natafuta njia ya pembeni!

Ninayo picha aliyonitumia kabla ya kuleta saa, ikiwa bado ukutani. Nimeikuza. Vidoti vitano vinaonekana na herufi zake. Lakini mng'ao wa balbu umefunika sehemu ya juu, kuanzia namba tisa mpaka namba mbili. Nimefungua faili la kadi ya mazishi, lina majina ya watoto wote. Wanaokosekana ni Owor, kifungua mimba, na Apendi. Apendi pembeni ameandikwa "marehemu". Jina lake nililichapa mwenyewe.

Jumatano, 10 Septemba

Nimefanya.

Inkscape, tabaka jipya juu ya mchoro, nikaliita "Watoto". Kidoti ni kitu rahisi mno, unavuta tu kipanya. Vitano nimeviweka kama vilivyo pichani. Apendi nimemweka nje ya namba tisa, saa tatu asubuhi. Owor nje pia, saa sita na nusu mchana. Na sababu — niandike, maana hapa hasomi mtu — ni kwamba upande ule ulikuwa mtupu, uso ukalala vibaya. Nimempangia binadamu saa ya kuzaliwa kama ninavyopanga maua kwenye kadi ya harusi!

Kisha nikarudi GIMP kuvichakaza kidogo, wino uonekane wa zamani. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nimeuchapa uso, nimeubandika kwenye saa, nimerudisha kioo.

Jumamosi, 13 Septemba

Tororo, nyumbani kwao. Nimetoka nje na hiki kijitabu, nimeketi kwenye benchi nyuma ya jiko kama mtu anayepiga hesabu zake.

Nilitaka kuiacha saa na kuondoka. Mama Owor, mjane wa mzee, akakataa. Kanikalisha kiti cha mbele, karibu na katekista, kanipa firigisi ya kuku, ya mgeni wa heshima. Firigisi! Mimi! Baada ya sala saa ikatundikwa, wakamsogezea kiti. Ameweka pua karibu na kioo, anafuata vidoti kwa kidole, kimoja kimoja, anataja majina.

Kwa Apendi akasimama. "Saa tatu asubuhi. Ndiyo. Jua lilikuwa linaingia kwa mlango." Akalia, akacheka, akanishika mkono. "Mtoto wangu, Mungu akubariki. Umenirudishia huyu."

Nilibahatisha. Nilibahatisha tu!

Halafu akafika kwa Owor. Kidole kikarudi nyuma, kikaja tena. "Owor mchana? Mimi nakumbuka usiku. Mzee ndiye alishika taa, mkono unatetemeka, mafuta inanimwagikia mguu." Owor mwenyewe alikuwa mlangoni, mtu mzima mwenye mvi, anasikiliza. Mama akatazama tena. "Lakini mzee alikuwa mtu wa reli. Yeye hawezi kukosea saa. Ni mimi nimezeeka." Kidole kikabaki pale pale. "Sasa ile usiku ninayokumbuka, ilikuwa ya nani?"

Mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Nikisema kidoti cha Owor ni uongo, basi na cha Apendi ni uongo. Nitamrudishia usiku wake nimnyang'anye asubuhi ile, na mkono wake bado uko juu ya wangu. Nikasema naenda kujisaidia.

Nawasikia huko ndani. Mwaka jana Joanita aliandika kwenye Biblia ya nyumbani saa za watoto kama mama alivyomwambia. Mama anataka ya Owor ikatwe. "Kata, andika mchana, saa sita na nusu. Vile mzee alisema." Joanita anasema, mama, tuache hivyo. Mama anasema, kata!

Wanatafuta kalamu. Ya katekista imekauka.

Joanita ametokeza mlango wa jiko. Amesimama hapa, ananyoosha mkono. "Edwin, hiyo unaandika nayo — tuazime kidogo."