Wiki ya Mdudu-Kijiti

Jumatatu, 4 Machi
Nimekabidhiwa mdudu. Mimi, karani! Maabara inapakwa rangi, kwa hiyo Dk. Saraswathy, mtafiti wa wadudu, ameweka kizimba chake juu ya kabati langu la faili hadi Ijumaa. Ndani kuna mdudu-kijiti jike kutoka mlimani, mrefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko. Daktari ametafuta mwingine wa aina hii kwa miaka, hajapata. Nimpe majani mabichi ya mpera na maji kidogo, basi. Bi Rohaya, mkuu wetu, akaongeza nifagie sakafu ya kizimba kila siku; hataki uchafu juu ya faili. Na kwamba nikishindwa kutunza kitu kisichotembea, nisimuulize tena habari za kuthibitishwa kazini. Wote walicheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 5 Machi
Simwoni! Nimegusa kijiti — kijiti. Nimegusa kingine — kijiti. Nikaingia chini ya meza kutafuta. Bi Rohaya akauliza nimepoteza nini. Nikasema kalamu. Karibu na saa ya chai kijiti kimoja kikayumba, na hakuna upepo. Alikuwa mbele ya pua yangu muda wote. Hata makovu ya gome anayo! Nilitaka kumzaba kofi.

Jumatano, 6 Machi
Leo tena. Asubuhi nzima imepotea. Mjomba Liew, dereva wetu, alinikuta nimekodoa macho, akasema serikali imeniajiri nilinde tawi. Nilipoanza kufagia akanishika mkono. Kinyesi cha mdudu anayekula mpera hakitupwi! Mama yake ana pumu. Zamani nyumbani kwao waliwafuga hawa kwa ajili hiyo tu: kinakaushwa juani, kinachemshwa kama chai. Siku hizi hawapatikani. Nikampa chote, pamoja na cha tangu Jumatatu kilichokuwa bado kwenye ndoo. Kitu pekee kilichoenda sawa wiki hii.

Alhamisi, 7 Machi
Mjomba amechukua tena. Mama yake amelala vizuri, anasema. Nikajisikia mtu wa maana.
Halafu simu. Dk. Saraswathy, yuko safarini, mji wa Ipoh. Mdudu hajambo? Hajambo, nikasema (nilikuwa simwoni).
"Na mayai?"
"Mayai gani, Daktari?"
Huwa anayadondosha tu chini, hata bila dume, akasema, moja moja, na yanafanana na mbegu. Au na kinyesi. Jike mwenyewe kazeeka, siku zake si nyingi. Mayai ndiyo anayoyataka. Nisiguse sakafu mpaka aje.
Nikasema sawa. Sawa! Nimesema sawa!

Ijumaa, 8 Machi
Naandika kwa kina Mjomba Liew, kwenye benchi la uani. Nilimwambia yote garini. Hakutania.
Mama yake, Bibi Siew Lan, ameshakunywa karibu nusu. Iliyobaki ilikuwa kwenye sinia juani. Akaimwaga juu ya gazeti, tukainama wote watatu. Vipunje vyote vya kahawia. Vyote vimekunjamana. Nikachagua kimoja kwa uhakika kwamba ni yai, nikakibonyeza kidogo — vumbi la majani. Mjomba akachagua kingine kwa uhakika zaidi. Vumbi. Hatuwezi kubonyeza vyote.
Bi Rohaya amepiga simu. Daktari ameshafika, amesimama mbele ya kizimba, mimi niko wapi? Nikasema niko njiani.
Bibi amekusanya kila kitu kwenye kopo la biskuti, hata vumbi, akanipa kwa mikono miwili.
"Chukua yote, mjukuu wangu." Akakatisha hapo kuvuta pumzi. "Wakitoka vitoto, uniletee kinyesi chao."
Nikamwambia tugawane. Tugawane nini? akauliza. Unajua kipi ni kipi?
Sijui.
Mjomba amewasha gari, anapiga honi. Kopo liko magotini kwangu. Bibi ameegemea nguzo, kifua kinapiga mluzi, na maji yake yanachemka jikoni, bila kitu ndani —