Nozeli ya Nne

Kaka Shamsi,

Assalaam aleikum. Hapa Majengo baridi inatutesa, lakini tupo. Lori lilirudi kutoka Laela likimisi, injini ikikatakata, na kukosa nguvu mlimani, ingawa Baba alishabadilisha filta ya dizeli.

Unajua mtindo wake: injini ikiunguruma, analegeza nati za nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, moja moja huku akisikiliza. Akilegeza nzima, mngurumo unabadilika. Akilegeza mbovu, hakuna tofauti. Alipolegeza ya kwanza, lori zima lilitetemeka, naye akasema, "Haibadiliki. Mbovu ni hii." Nikacheka, nikidhani ananitania. Ya pili nayo akasema vilevile. Nikashangaa. Nikazima injini, nikamwita akiwa amenipa mgongo, anafuta spana. Hakugeuka.

Niliwasha tena, nikauweka mkono wake juu ya injini. Akaipata mwenyewe kwa kiganja: ya nne.

Kaka, tangu ugombane na Baba ukahamia Mpanda, unalalamika kwamba ukimpigia simu anajibu "haya, haya" na kukata. Nadhani si kinyongo. Njoo ukae mbele yake, uyarudie yote uliyokwisha kumwambia.

Mdogo wako,
Jasmin