Kwako Hessel, Uliyesimamisha Karavani kwa Kifua

Mwaka umetimia, Hessel Boskma, tangu karavani yetu ikubane kwenye ukuta wa mawe kule Mosel, Ujerumani, na kukuvunja mbavu mbele ya macho yetu. Ni mimi mkeo, Baukje, ninayeandika gazetini kwa niaba ya wote. Wanao walitaka maneno ya upole. Nimewauliza upole tutautoa wapi, wakati mwenyewe ulikuwa ukigonga meza hata ukiomba chumvi.

Ulikuwa fundi wa matrekta hapa Rutten, na hakuna mkulima aliyewahi kukupigia simu ukamwambia subiri kesho. Ulitoka na mvua, ukarudi na oili hadi kwenye nyusi, ukimtukana mwenye trekta njia nzima. Mkewe akiugua, unampelekea sufuria ya supu ya njegere na kumfokea kwa nini hali. Hivyo ndivyo ulivyopenda watu, kwa makelele.

Jumamosi zilikuwa za korfbal, mpira wetu wa kikapu juu ya nguzo, wanaume kwa wanawake timu moja. Tulicheza wote, na magoti yako yalipokufa ukahamia pembeni mwa uwanja. "Refa! Hayo ni macho au vifungo vya koti?" Siku moja refa akachoka, akakutoa kwa kadi nyekundu nawe ni mtazamaji tu! Mjukuu wetu Jikke, binti wa Auke, akakushika mkono hadi getini. "Babu, unatuaibisha," akakwambia. Ukamnunulia chipsi zenye mayonezi ili anyamaze, na akanyamaza. Tangu hapo mkawa washirika, wewe na yeye, kila siri yenu ikifungwa kwa chipsi.

Na kila vuli, mvinyo kule Mosel. Wajuzi wa mvinyo huonja, hutikisa glasi, hutema. Wewe ulikataa katakata. "Mama," ulimwambia yule mjane mwenye shamba la mizabibu, "nimeendesha kutoka Rutten. Siwezi kutema." Akakupenda siku hiyohiyo, na mimi nikakukanyaga mguu chini ya meza.

Mwaka jana tulikwenda ukoo mzima kusherehekea miaka ya ndoa yetu. Mimi nawe kwenye karavani, kile kinyumba chetu cha kukokotwa na gari. Wanetu Auke na Rients na wake zao kwenye mahema, baiskeli zimefungwa juu ya magari. Gunia la viazi tulibeba kutoka nyumbani kama kawaida, maana kiazi cha Mjerumani hukukiamini hata kidogo.

Sisi Waholanzi wa Rutten tumezaliwa kwenye sakafu ya bahari iliyokaushwa. Hapa kwetu ukiweka mpira chini leo, kesho unaukuta palepale. Kule mizabibu imening'inia mlimani, na sehemu tuliyopewa ilishukia kwenye ukuta mfupi wa mawe, ng'ambo yake bonde. Ukamwambia Rients aifungue karavani kutoka kwenye gari. Auke akatazama magurudumu.

"Baba, kabari ziko wapi? Hapa ni mteremko."

"Mteremko gani, wewe? Huu ni mkunjo wa zulia. Kabari zimo humo ndani. Ninywe kahawa kwanza, nitaziweka."

Kahawa kwanza. Maisha yako yote, kahawa kwanza.

Jikke alikuwa ndani ya karavani akibadilisha nguo za baiskeli. Tulisikia breki ya mkono ikilia, kisha vyombo vikiporomoka, kisha mtoto akipiga yowe. Karavani ilikuwa inakwenda. Iliiparamia meza, ikalisaga hema la Rients, kreti za mvinyo tulizonunua njiani zikaruka mlangoni na kupasuka mojamoja. Wanao walikimbia nyuma yake wakivuta. Wewe na magoti yako yaliyokufa ulikata mbele, Hessel, sijui ulipitia wapi, ukasimama kati yake na ukuta, ukaitegea kifua. Nilisikia mbavu zako. Nazisikia bado, nikikata kuni, nikivunja yai.

Karavani ikasimama. Jikke akatoka dirishani akitokwa damu puani, basi. Wewe hukutoka.

"Jikke?" ukauliza.

"Mzima," nikasema.

Ukavuta pumzi kidogo. "Na chupa?"

"Zimevunjika zote."

Ukafumba macho kama mtu aliyeletewa habari mbaya. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yetu ya mwisho, mimi nawe, baada ya ndoa ndefu yote ile.

Tuliporudi, kabari zikakutwa bandani, juu ya rafu. Rients ndiye aliyepakia karavani. Auke ndiye aliyekagua. Siku ya mazishi yako watu wameketi na kahawa na kipande chao kimoja cha keki, Auke akanong'ona, "Umemuua baba." Rients akampiga ngumi ya taya. Meza ikapinduka, birika likamwagika, mchungaji akateleza. Ndugu wa tumbo moja wakagaragazana hatua chache kutoka kwenye jeneza lako, wakishikana makoo. Mimi niliwatenganisha kwa mwavuli, na sikuchagua pa kupiga.

Kisha nikaja nyumbani, nikazitoa chupa ulizoficha chini ya ngazi, nikazipigiza ukutani moja baada ya nyingine hadi viganja vikanichanika. Ukuta una doa hadi leo. Sitaupaka rangi.

Mwaka mzima hawakusemeshana. Siku ya kuzaliwa kwangu viti vilipangwa duara, wakaketi upande huu na upande ule, kila mmoja akimpongeza kila mtu, kama desturi yetu, isipokuwa mwenzake. Nilikuzika wewe, na nikawa naona nawazika wao pia, wazima wazima. Jikke ndiye aliyekuwa akinitisha zaidi. Akisikia jina la mmoja wao, anaziba masikio.

Jumamosi iliyopita tukacheza mechi ya familia, ile uliyoianzisha wewe. Nikawaweka timu tofauti, nikidhani mbio zitawachosha. Wapi! Rients akaruka kufunga, Auke akampa kiwiko cha mdomo, jino likaanguka majanini. Wakashikana. Wake zao wakavuta fulana, zikapasuka. Refa akapuliza filimbi mpaka akakauka. Auke alikuwa juu, anapiga, anapiga, na Rients anamcheka kwa mdomo uliojaa damu: "Piga, muuaji! Kagua na hii!"

Hapo Jikke akaokota mpira, akasogea karibu, akamtwanga baba yake nao usoni kwa nguvu zote.

"Acheni! Ni babu! Ni babu mwenyewe alizitoa!"

"Alizitoa nini?" nikauliza.

"Kabari! Gunia la viazi halikuenea. Akazitoa, akaziweka kwenye rafu, akanikonyeza. Akasema, usimwambie bibi yako, nitakununulia chipsi." Akalia kwa kwikwi. "Sikutaka kumsema. Alikufa kwa ajili yangu."

Viazi, Hessel! Nilishika nguzo ya kikapu nikaitikisa kama shingo yako. Nikakutukana mbele ya uwanja mzima, kwa sauti uliyonifundisha wewe. Nilipoishiwa, Auke alikuwa amekaa kitako anatokwa damu puani.

"Viazi gani?" Rients akauliza.

"Bintje," nikajibu, aina yako ya viazi siku zote.

"Afadhali vilikuwa Bintje," Rients akasema, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Auke akamvuta kichwa kifuani kwake, wakalia pale majanini, wakichafuana damu.

Basi naandika hili gazetini, lisomwe na Rutten nzima, lisije likamlalia mtoto tena: kosa lilikuwa lako. Ulitudanganya sote kwa ajili ya gunia la viazi. Nina hasira nawe na nitakuwa nayo nikilala na nikiamka. Na mtoto alipolia hukumtuma mtu, ulikwenda mwenyewe. Hilo nalo lisomwe.

Wanaokukumbuka: mimi mkeo Baukje, wanao Auke na Rients, waliotaka majina yao yaandikwe pamoja, wake zao Femke na Hiltje, na mjukuu wako Jikke, ambaye deni lako la chipsi tumemlipa sisi.

Wiki ijayo tunakwenda Mosel, wote. Jikke ameziweka kabari ndani kwa mkono wake, akazifunga kwa kamba. Gunia halikuenea.

Viazi tutanunua hukohuko.

Hatutakusahau, Hessel, wala hatutakuacha upumzike.